Nakala Mbili

Waya ulikufa Jumanne.
Mdomo wa simu umekula vumbi la dagaa
mwaka mzima mfukoni mwa aproni yangu;
sasa ukiuchomeka, haushiki, unakenua tu.

Masalu wa duka la simu akacheka:
"Mama, waya wa nini tena? Ruta mnayo.
Ziingie waifai moja, zitaambiana zenyewe."
Zitaambiana zenyewe.
Nililipenda neno hilo, nikapanda nalo mlima wa Igogo,
ngazi mia na kitu, za mawe.

Nyumba yetu nusu tofali, nusu jabali.
Fundi alilikuta, akalizunguka, akalifanya ukuta wa chumbani.
Mvua ikinyesha linatoa jasho.
Na mtandao, uliovuka nchi nzima kutufikia,
ukifika kwenye jiwe hilo unakaa chini.
Kitandani hakuna kitu. Jikoni vijino viwili.
Kizingitini, simu ikitazama sebule, ndipo.

Basi nimekaa kizingitini, saa nne usiku,
miguu ndani, mgongo nje, kama mdai.
Mezani laptopu ya Lugembe inaamka kwa kujivuta,
bawaba yake imeshikwa na gundi ya mabomba.
Namba sita: zisome huku, ziandike kule.
Nilizisoma kwa sauti; mtaa wa chini mbwa akajibu.
Zikatambuana.

Zikapita picha kwanza:
chanja za Igombe, mizani, risiti, risiti,
kidole changu, risiti,
mtoto wa Nkwimba amevaa ndoo kichwani.
Nilitazama hewani nizione zikipita.
Kati ya kizingiti na meza
palikuwa na wadudu wa ziwani tu, wanaizunguka taa.

Asilimia sitini na moja, umeme ukakatika.
Laptopu haina betri ya kutajwa,
ikazima kama mtu aliyetukanwa.
Ruta ikafumba kijani chake. Igogo yote ikaguna.
Uliporudi, nikajiandaa kuanza upya,
kumbe ikaendelea palepale, sitini na moja, sitini na mbili.
Sikuamini.
Mimi na Lugembe tukikatizwa ugomvi
huwa tunaanzia kwenye mahari.

Kisha likaja daftari la wadaiwa, kila kitu kikasimama.
Faili moja, nakala mbili. Ibaki ipi?

Simuni: Nkwimba, elfu arobaini na sita. Nimefuta.
Nilifuta Alhamisi, nimesimama kando ya chanja yake,
mvua siku ya tatu, dagaa wamekuwa uji mweusi
naye bado anawageuza, kwa ncha za vidole,
kama anayemgeuza mgonjwa.
Sikumwambia. Wala Lugembe sikumwambia.
Laptopuni: Nkwimba, elfu arobaini na sita,
rangi nyekundu, "akumbushwe Jumatatu."

Kioo kiliziweka ubavu kwa ubavu
kikapaka njano kila tusipofanana.
Sikujua ni pengi hivyo.
Na chini kabisa, kwake, mstari ambao kwangu haupo:
"Sukari, elfu themanini."
Tangu lini nyumba hii inakunywa sukari ya elfu themanini?

Lugembe katoka kuoga, taulo begani.
Anasoma. Namsoma.
"Nkwimba," anasema.
"Mvua," nasema.
Kimya. Tone moja linateleza jabalini.
"Sukari," nasema.
Anajikuna shingo, mahali pasipowasha.
"Mtoto wa Sayi. Ada. Walimrudisha nyumbani."
"Ungesema."
"Na wewe ungesema."

Kishale kinapepesa, hakina haraka, hakina mke.
Pembeni kuna kitufe cha tatu, kidogo: Tunza zote.
Alikibonyeza yeye,
au kidole changu kilikuwa juu ya chake, sikumbuki vizuri.
Madaftari mawili sasa, jina moja,
la pili limeongezewa tarehe mkiani.
Nkwimba anadaiwa na hadaiwi.

Simu ilikuwa ya moto mkononi.
Nikaifuta vumbi la dagaa kwa upindo wa kanga,
nikamuuliza Sayi mtoto wake yuko darasa la ngapi.
Hakujua. Aliyejua ni Lugembe,
akaniambia gizani, taa tumeshazima,
mgongo wake kwenye jiwe.